Bingwa wa nini? Mikanda ya mieleka ninayotaka irudi, na mmoja wa kwetu Kusini

Kazi yangu ni kutangaza mieleka kwa Kiswahili kwenye banda la video hapa Magomeni, Mtwara. Video inakuja na Kiingereza chake, nami nakaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, nawaeleza watu nani ni nani, ugomvi ulianzia wapi na mkanda unagombewa kwa nini. Swali ninaloulizwa kuliko yote hutoka kwa wazee, wale walioanza kumwona Hulk Hogan enzi za kanda za VHS: "Mwanangu, na huyu naye ni bingwa wa nini?"

Swali hilo nimelifanya kipimo changu. Mkanda ambao siwezi kuueleza kwa sentensi moja mbele ya watu waliolipa kiingilio una kasoro. WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ina mabingwa wakuu wawili wa kiume na wawili wa kike, chini yao kuna Intercontinental na United States kwa wanaume na kwa wanawake (wanawake walipewa yao Desemba 2024 na Januari 2025, na walicheleweshewa mno), na hapo sijagusa mikanda ya wawili wawili wala ya NXT, tawi lake la kukuza chipukizi. Wingi haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba mingi inasema jambo lile lile: huyu ni mkubwa, ila yupo mwingine juu yake.

Ieleweke kwamba mieleka ya aina hii mshindi hupangwa kabla, na watu wa bandani kwangu wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana sheria ya mkanda ina uzito mkubwa. Kwenye ngumi, ushindani wenyewe unaleta wasiwasi. Kwenye mieleka, wasiwasi lazima utengenezwe, na hakuna kinachoutengeneza haraka kama sheria ambayo kila mtu ukumbini anaijua. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni fulani ianzishe au irudishe ubingwa fulani, namuuliza: una sheria gani ambayo mwingine hauna?

Kwa kipimo hicho, wa kwanza ninaoutaka ni wa uzito mwepesi.

Kampuni ya WCW ilianzisha ubingwa wa Cruiserweight mwaka 1996, na kwa miaka michache ukawa kitu bora kuliko vyote walivyokuwa navyo. Dean Malenko, Rey Mysterio na Eddie Guerrero walikuwa wakipigana mapema jioni, wakubwa akina Hogan wakisubiri kufunga usiku. Tafuta pambano la Halloween Havoc la tarehe 26 Oktoba 1997. Guerrero aliweka mkanda rehani, Mysterio akaweka barakoa yake, na Mysterio akaondoka na vyote viwili. Nikilionyesha leo, kijana aliyezaliwa miaka kumi baada yake anasimama kwenye benchi.

WWE iliurithi mkanda huo ikauua mara mbili. Mara ya kwanza ni Julai 2007, ulipokabidhiwa Hornswoggle, mhusika wa kuchekesha, na miezi miwili baadaye ukafutwa. Mara ya pili walianza vizuri kabisa: mwaka 2016 walileta mashindano ya wanamieleka 32 kutoka nchi mbalimbali, ukomo wa uzito pauni 205, yaani kama kilo 93, na T.J. Perkins akachukua ubingwa mpya. Kisha wakawatengea wepesi hao kipindi chao peke yao, mbali na macho ya wengi, hadi Januari 2022 Carmelo Hayes alipomshinda Roderick Strong na mkanda ukaunganishwa na wa North American wa NXT.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuwatenga. Mwepesi anavutia pale mtazamaji anapomwona jitu la kilo 130 dakika chache kabla au baada yake. Kosa jingine ni kwamba kilo 93 zilitajwa sana, mizani ikaonekana kwa nadra. Sisi Watanzania tunaelewa uzito kwa sababu ya ngumi. Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham Septemba 2018 akamsimamisha Sam Eggington, hata mama ntilie walikuwa wakizungumza habari za uzito. Siku ya kupima ni tamasha: bondia anavua mpaka soksi, anapanda, watu wanashusha pumzi. Sasa leta mizani jukwaani kabla ya kila utetezi. Bingwa akizidisha, mkanda unavuliwa palepale hata kabla kengele haijalia. Fikiria ni hadithi ngapi zinazaliwa hapo. Bingwa anafanyiwa sherehe ya pilau na adui yake. Mpinzani ameamua kujikondesha ili ashuke daraja, na anaingia ulingoni akiwa dhaifu. Hakuna anayehitaji kutafsiriwa kitu.

Wa pili ni ubingwa wa televisheni. Sheria yake ni saa: dakika 10 au 15, na muda ukiisha bila mshindi, bingwa anabaki na mkanda. Steve Austin alikuwa nao WCW mwaka 1991, kabla dunia haijamjua kama Stone Cold. Arn Anderson alijenga nao heshima kubwa. Mwishoni WCW waliuchezea mpaka ukatupwa kwenye pipa la taka, na Jim Duggan akauokota humo mwaka 2000 akajitangaza bingwa. Wajapani wa kampuni ya New Japan waliona thamani yake: tarehe 4 Januari 2023, Tokyo Dome, Zack Sabre Jr. alimshinda Ren Narita akawa bingwa wao wa kwanza wa televisheni, ukomo dakika 15. Uzuri wa saa ni kwamba inambadilisha bingwa kuwa mkimbizi. Dakika ya 13 anatoka nje ya ulingo kuvuta muda, mpinzani anamfuata kwa hasira, na watu wote bandani wanahesabu sekunde kwa sauti. Mimi hunyamaza hapo, maana kipaza sauti hakina kazi tena.

Ubingwa wa watatu kwa watatu nao uje WWE, sina maneno mengi. Mexico watu hupigana watatu watatu kama kawaida yao, AEW, kampuni nyingine ya Marekani, waliuanzisha mwaka 2022, na WWE imekuwa na vikundi kama Shield, New Day na Bloodline bila kuwa na mkanda wa kuwapa.

Usirudi ule wa Hardcore, wala mtoto wake wa 24/7, mikanda iliyoweza kuchukuliwa saa yoyote na popote. Najua vijana wataninunia, kwa sababu kumfukuza bingwa uwanja wa ndege kunachekesha. Lakini R-Truth aliuchukua ule wa 24/7 zaidi ya mara 50. Bruno Sammartino alimshinda Buddy Rogers Mei 1963, kwa sekunde 48, akabaki bingwa mkuu wa kampuni ambayo leo ni WWE kwa siku 2,803. Ukipoteza mkanda asubuhi na kuupata mchana, kupoteza hakuumi, na kusipouma sina cha kutangaza.

Sasa nije kwenye jambo lililo karibu na moyo wangu: ubingwa wa Afrika.

Kwa miaka mingi Afrika kwenye mieleka ya Marekani ilikuwa vazi la kutishia watu. Kamala, "Jitu la Uganda", aliyeingia miguu mitupu na michoro usoni, alikuwa James Harris wa Mississippi. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana kweli, alitambulishwa kwanza kuwa Mjamaika. Tarehe 7 Aprili 2019 alipomshinda Daniel Bryan akawa bingwa wa WWE, tayari alikuwa anaitwa kwa nchi yake, na bandani watu wazima walilia. Oba Femi wa Lagos naye alichukua mkanda wa North American wa NXT Januari 2024, na hajafichwa asili yake hata siku moja. Watu tunao.

Ila jina la bara pekee halitoshi, na ushahidi upo. Ubingwa wa Ulaya wa WWE ulizaliwa Berlin, Februari 1997, British Bulldog alipomshinda Owen Hart kwenye fainali. Septemba mwaka huohuo Shawn Michaels alimnyang'anya Bulldog mkanda Birmingham, mbele ya Waingereza wenzake na familia yake. Pambano lile liliumiza watu kwa sababu mkanda ulikuwa nyumbani. Baada ya hapo ukahamia Marekani. Desemba, Michaels akalala chini makusudi ili rafiki yake Triple H auchukue. D'Lo Brown, Mmarekani, akawa anatangazwa kila mara kutoka mji mwingine wa Ulaya. Julai 2002 Rob Van Dam aliumeza ndani ya Intercontinental, na hakuna aliyeomboleza. Mkanda wa Ulaya usiotetewa Ulaya ulikuwa umekufa siku nyingi.

Basi wa Afrika uwe na sheria moja: bingwa anatetea ugenini, kwa kanuni za mwenyeji. Akienda Dakar, anapigana kwa kanuni za laamb, mieleka ya jadi ya Senegal, ngoma zikilia, na mgongo ukigusa mchanga pambano limekwisha. Akienda Kinshasa, akutane na wale wanaoingia ulingoni na ndumba zao, na asitarajie huruma. Akienda Mukono, Uganda, aingie kwenye ulingo wa tope wa vijana wa Soft Ground Wrestling, ambao wametazamwa duniani kote wakiwa na nguzo, kamba na udongo tu. Atakayetoka salama katika hizo tatu, mzee wangu akiniuliza ni bingwa wa nini nitamjibu bila kumeza mate.

Na sisi huku? Nimekuwa nikiufikiria Mkanda wa Kusini, na ninausema hadharani sasa. Ukomo kilo 75, kwa sababu vijana wetu wengi wako humo. Utetewe kuanzia Novemba, fedha za korosho zikiwa zimeanza kuingia baada ya minada na watu wana hamu ya burudani: Masasi, Newala, Tandahimba, Ruangwa, Lindi mjini, na fainali uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara. Bingwa asitetee kwao mara mbili mfululizo. Wa Newala aende Ruangwa akazomewe, ajue maana ya kuubeba.

Bamba la kati liwe la mpingo, kazi ya mkono wa Kimakonde, si chuma cha kuagiza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ukikaushwa haraka unapasuka, kwa hiyo bamba liwe dogo, likaushwe taratibu kivulini na lishonewe juu ya ngozi nene ya ng'ombe. Mabamba ya pembeni yanaweza kuwa ya shaba.

Mchongaji nimeshampata, yuko Mikindani. Ninachotafuta ni fundi wa ngozi, mwenye turubai na magodoro ya mazoezi, na mwalimu wa judo au sarakasi atakayewafundisha vijana kuanguka kwa miezi kadhaa kabla yeyote hajapanda ulingoni mbele ya watu. Bila mwalimu huyo sianzi. Jioni yoyote nipo bandani.