Povu la kifafa haliambukizi

Mtu akianguka kifafa sokoni Kadutu, Bukavu, wengi humkimbia wakisema povu lake linaambukiza. Si kweli hata kidogo. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, kwa kuwa hawezi kumeza. Likiwa na damu, ameuma ulimi. Chanzo kiko ubongoni: seli nyingi hutoa umeme kwa pamoja, kupita kiasi. Umeme wa ubongo wa binadamu ulirekodiwa mwaka 1924 na Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani.

Basi msogelee. Weka kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa, usimkandamize. Mitukutiko ikitulia, mlaze ubavu mate yatoke. Kijiko mdomoni huvunja meno, acha kabisa! Tazama saa: zikipita dakika 5 bado anatikisika, apelekwe hospitali haraka.