U0101 si kifo cha giabox

Jamani hii nimeisikia tena hapa Malindi, lori la giabox otomatiki limefunguliwa, limerudishwa, skana (mashine ya kusoma hitilafu za gari) ikatoa namba ya hitilafu U0101 na mwenye gari akaambiwa giabox imeharibiwa, ishushwe upya. Sivyo! U0101 maana yake kompyuta nyengine za gari haziisikii kompyuta ya giabox, basi, haisemi lolote kuhusu klachi wala gia za ndani. Na msikimbilie kununua kompyuta mpya, ni pesa nyingi.

Anza na fyuzi, halafu waya wa athi, huo husahauliwa sana wakati wa kufunga au hukazwa juu ya kutu, na kwetu huku kwa upepo wa bahari kutu haikosi. Kisha toa betri, weka mita ya kupimia omu kwenye soketi ya skana, pini ya 6 na ya 14 kama ni ile ya pini 16, hapo ndipo zinapofika waya mbili ambazo kompyuta za gari huongea kupitia kwazo, mara nyingi utasoma kama omu 60. Ukiona 120 kuna upande umekatika, ukiona karibu na sifuri waya hizo mbili zimegusana.

Juzi nimechomoa soketi ya giabox nikakuta pini moja imelala, nikainyanyua polepole kwa sindano, skana ikaisoma kompyuta papo hapo.