Hewa Ikipungua Ndani ya Jeti: Usisubiri Kubanwa na Pumzi

Ndege ndogo za jeti hukodishwa na wafanyabiashara, na wakati mwingine hupakia mgonjwa mahututi anayehamishiwa hospitali kubwa. Maswali haya ni ya ndugu wanaosindikiza wagonjwa kutoka huku Mtwara kwenda Dar es Salaam.

Ndege kupoteza shinikizo la hewa maana yake nini?
Jeti nyingi hupaa hadi futi 40,000 au zaidi, ambako hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo mitambo husukuma hewa ndani ili abiria apumue kana kwamba yuko kwenye mlima wa futi 8,000 hivi. Mitambo ikishindwa au mlango ukivuja, hewa hiyo hutoka. Oksijeni hubaki asilimia 21 ileile, ila nguvu ya kuiingiza kwenye damu haipo tena.

Kwa nini nisisubiri kuvaa barakoa ya oksijeni hadi nitakapoanza kubanwa na pumzi?
Kwa sababu huenda usibanwe kabisa. Kauli hii naisikia kila mara, tena kutoka kwa watu wazima waliokuwa wakipiga picha dirishani wakati rubani akitoa maelezo, nami naomba ikome. Aliyepungukiwa oksijeni mara nyingi hujiona mzima, hata hufurahi na kucheka, huku midomo na kucha zikigeuka bluu na vidole vikishindwa kufungua kifungo cha shati. Katika futi 35,000 akili hukufaa kwa sekunde 30 hadi 60 tu. Katika futi 40,000, sekunde 15 hadi 20. Barakoa ikishuka, ivute hadi usoni, ifunike pua na mdomo, kisha upumue kawaida. Usizuie pumzi, kwani mapafu yanaweza kupasuka.

Hata kama hewa inavuja polepole, bila kishindo?
Hapo ndipo penye hatari zaidi, maana hakuna cha kukushtua. Tarehe 25 Oktoba 1999 jeti aina ya Learjet iliyombeba mcheza gofu Payne Stewart ilipoteza shinikizo nchini Marekani. Marubani hawakupata oksijeni, nayo ikaruka yenyewe kwa saa kadhaa mpaka mafuta yalipokwisha, ikaanguka na kuua wote 6. Usisubiri kujisikia vibaya.

Nimvalishe kwanza mgonjwa au mtoto?
Jivalishe wewe kwanza, mama, kisha yeye mara moja. Ukizimia, hakuna wa kumvalisha.

Mfuko wa barakoa usipojaa?
Usiivue. Oksijeni inaweza kuwa inapita hata mfuko ukiwa umesinyaa. Rubani atashusha ndege haraka hadi futi 10,000 hivi; ivue atakaporuhusu.

Baada ya kutua?
Maumivu ya viungo, ganzi, kifua kubana, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, hata yakianza saa kadhaa baadaye, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Usilale nayo ukijikanda kwa maji moto na kumeza panado hadi kesho, na umweleze daktari kwamba ndege ilipoteza shinikizo.