Je, wajua kwa nini filamu za kutisha za kijijini humalizikia siku ya sikukuu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba filamu hizi, ambamo mgeni huingia kijijini na kukuta mila zinazomwaga damu, zinahusu dini za kale zilizojificha zisimezwe na Ukristo. Nilikosea. Kilichonisahihisha ni The Wicker Man ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Robin Hardy.

Sajini Howie, polisi Mkristo mshika dini, anafika kisiwa cha kubuni cha Summerisle, Scotland, kumtafuta msichana aliyepotea. Anakuta watu wanaabudu jua na miungu ya mashamba. Lakini Lord Summerisle mwenyewe, bwana wa kisiwa, anamweleza kwamba dini hiyo ilianza na babu yake, mwaka 1868. Babu alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyetaka kuotesha aina mpya za matunda kisiwani humo, na ili wakulima wafanye kazi kwa moyo, akawarudishia miungu ya kale. Wachungaji wa kanisa wakakimbia. Kwa hiyo dini inayoonekana ya kale ina umri wa karne moja tu na kidogo, na mgeni ndiye anayebeba imani kongwe zaidi kisiwani! Hata lile sanamu la fito la kuchomea watu, linaloipa filamu jina lake, limetokana na maandishi ya Julius Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeandika habari za Wagalia akiwa vitani nao, katika nchi ambayo leo sehemu kubwa ni Ufaransa. Maneno ya adui ni ushahidi mwembamba.

Basi kwa nini filamu inaishia Mei Mosi, sikukuu ambayo huko ni ya kukaribisha majira ya joto? Mavuno ya mwaka uliopita yamekufa, watu wa kisiwa wanataka kumtoa Howie kafara ili matunda yarudi, na tarehe haisogei. Ila kuna jambo kubwa zaidi.

Mfikirie mtu anayefika Makunduchi, Zanzibar, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa huko, bila kuelezwa lolote. Anaona wanaume wanachapana kwa migomba, kisha kibanda cha makuti kinawashwa moto na ndani kuna mtu. Roho inamruka. Mwenyeji ametulia, maana anajua aliyemo atatoka mbio, kama mwaka jana. Wote wawili wanatazama moto uleule, lakini mmoja tu ndiye anayejua unavyoisha. Sikukuu huruhusu yale ambayo siku nyingine watu wangeyapigia mayowe, na asiyezaliwa pale hana kipimo cha kutenga mchezo na kweli.

Filamu inaingia katika mwanya huohuo. Katika ngoma ya panga, kila mmoja anapitisha shingo katikati ya panga zilizosukwa, Howie naye akiwa amejificha ndani ya vazi la mchekeshaji. Kichwa kinaonekana kudondoka. Kumbe ni mzaha, mwenyewe yu mzima. Mara ya pili, kwenye sanamu la fito, mlango wa kutokea haupo.

Akiwa mikononi mwao, Howie anamwambia Lord Summerisle kwamba matunda yakifa tena, mwakani watu watamtaka yeye.

"Hayatakufa," anajibu.