Migiro hakuwa "balozi wetu UN"

Tangu Dk. Asha-Rose Migiro awe Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2025 wasifu wake unazungushwa tena kila kona, na kila ukizungushwa lazima atokee mtu aongeze "aliwahi pia kuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa". Jamani hapana. Ubalozi alifanya London. New York alikuwa kitu kingine kabisa.

Kwa kifupi, balozi ni mtu anayetumwa na nchi yake aisemee kwenye nchi nyingine au kwenye taasisi kama UN (yule wa UN cheo chake kamili ni Mwakilishi wa Kudumu). Mtumishi wa kimataifa kaajiriwa na taasisi yenyewe na anaitumikia hiyo taasisi. Maana ndo hiyo tu, sasa tuje penye tatizo.

Migiro ni mwanasheria wa darasani, kasoma sheria Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), udaktari kauchukulia Konstanz Ujerumani, karudi kufundisha mpaka mwaka 2000 siasa ikambeba akawa waziri wa maendeleo ya jamii, halafu 2006 Mambo ya Nje, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile hapa kwetu. Hakumaliza hata miaka miwili, Februari 2007 akaanza kazi New York kama Naibu Katibu Mkuu wa UN chini ya Katibu Mkuu Ban Ki-moon, akakaa hadi Juni 2012. Hapo ndo watu wanapotea: wanaona Mtanzania, wanaona jengo la UN, wanajumlisha wanapata balozi.

Cheo kile kiliundwa na Baraza Kuu la UN, kikao cha nchi zote wanachama, mwaka 1997, wa kwanza kukishika alikuwa Louise Fréchette wa Canada, wa pili Mark Malloch Brown wa Uingereza, Migiro wa tatu, na anayeteua ni Katibu Mkuu wa UN, sio rais wa nchi unayotoka. Balozi Rais akiamua leo arudi nyumbani anafunga mizigo, lakini Kikwete, Rais wetu wa wakati ule, hakuwa na barua ya kumrudisha Migiro hata kama angetaka, maana hakuwa mtu wake tena. Na hili sio suala la heshima tu, limeandikwa kabisa, Ibara ya 100 ya Mkataba wa UN inamkataza Katibu Mkuu na watumishi wake kuomba au kupokea maagizo ya serikali yoyote ile, na nchi wanachama nazo zimeahidi humohumo kwamba hazitawashinikiza. Kwa hiyo wanaouliza "miaka yote ile alitufanyia nini sisi Watanzania" wanamdai kitu ambacho angekifanya angekuwa anavunja masharti ya kazi. Hili ndo linaniuma zaidi, mtu analaumiwa kwa kufuata sheria aliyoisomea.

Na balozi wetu tulikuwa naye! Sehemu kubwa ya kipindi kile alikuwa marehemu Augustine Mahiga, aliyekuwa pale kuanzia 2003 hadi 2010. Ukiangalia ukumbi wa Baraza Kuu, nchi zinapangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, sisi kibao chetu kinaanza na "United", yaani Jamhuri ya "Muungano" (United Republic of Tanzania), kwa hiyo tunakaa katikati ya Uingereza (United Kingdom) na Marekani (United States). Kiti kile ndo cha balozi, akibonyeza kitufe cha kura ni Tanzania imepiga kura. Migiro kitufe hakuwa nacho, hakuwa na kura yoyote mle ndani.

Hata kinga zao, ile ya kutoshtakiwa ovyo, hazitoki sehemu moja. Ya balozi wa kwenye nchi inatokana na Mkataba wa Vienna wa 1961 wa mahusiano ya kibalozi kati ya nchi na anayeweza kuiondoa ni serikali iliyomtuma. Ya mtumishi wa UN inatokana na mkataba wa 1946 wa kinga za UN na anayeiondoa ni Katibu Mkuu wa UN. Mpaka hati ya kusafiria UN wanatoa yao wenyewe, ya bluu kwa watumishi wa kawaida na nyekundu kwa wakubwa.

Mwenye kuchanganyikiwa amwangalie Salim Ahmed Salim, yeye kapita njia zote mbili. Kuanzia 1970 hadi 1980 alikuwa balozi wetu UN kwelikweli, anatumwa na Nyerere anaisemea Tanzania, lakini alipokuwa Katibu Mkuu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) Addis Ababa 1989 hadi 2001 aliacha kutusemea sisi, akawa wa Afrika nzima.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandaa wasifu, ukimwita Balozi Migiro hujakosea, maana Magufuli alimpeleka London mwaka 2016, na kwa kuwa sisi na Uingereza wote ni nchi za Jumuiya ya Madola ofisi inaitwa kwa jina lake tofauti (High Commission) ila kazi ni ileile ya ubalozi. Ila ile ya 2007 hadi 2012 iandike kama ilivyo, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na neno "wetu" liondoe hapo.