Titani ya Kwale na leza za urujuanimno: yasemwayo na ukweli wake

"Titani iliyokuwa ikipakiwa Likoni ni ya kuundia ndege." Hapa Mombasa usemi huo umezoeleka. Ndege zinapata kidogo tu. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa oksidi ya titani, ule unga mweupe wa rangi za nyumba na krimu za kukinga jua. Wanafizikia nao huipiga fuwele yake kwa leza waone inavyoitikia mwanga, na hapo ndipo dhana potofu huzidi.

"Mwanga ukiwa mkali vya kutosha, elektroni zitaamka." Wapi! Rutili, fuwele mojawapo ya oksidi hiyo, hudai takriban elektronivolti 3 (kipimo cha nishati) kwa kila fotoni (chembe ya mwanga), yaani urefu wa wimbi usiozidi kama nanomita 410. Fotoni ya mwanga mwekundu ina kama 2 tu. Hata ulimwagie fuwele jua jekundu la magharibi kutwa nzima, hakuna kitu. (Leza kali mno huweza kuchanga fotoni mbili kwa pamoja, ila hiyo ni habari nyingine.)

"Basi wanafizikia hao wana kamera ya ajabu ya kuzinasa elektroni zikiamka." Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mambo haya hupimwa kwa femtosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni, na kigunduzi chao ni cha polepole mno kuifuata. Ujanja ni mipigo miwili ya leza: wa kwanza unaiamsha fuwele, wa pili unaikagua. Ni kama feni chumbani gizani: flashi ikimulika, mapanga yanaonekana yamesimama. Mpigo wa pili hucheleweshwa kwa kurefushiwa njia. Sogeza kioo nyuma mikromita 15, mwanga unaongezewa mikromita 30 kwenda na kurudi, nao unachelewa femtosekunde 100. Kwa njia ya namna hii Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alifuatilia molekuli zikiachana, akatunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1999.

"Mwanga hupasha joto, basi." Joto huja nyuma. Kwanza elektroni huruka na kuacha tundu (nafasi tupu ilipokuwa), na viwili hivyo huweza kushikana vikawa eksitoni. Katika anatasi, ndugu ya rutili, alama ya eksitoni hukaa karibu na elektronivolti 3.8. Mwanga wa kuonekana haufiki huko, ndiyo maana mpigo wa kukagua nao huwa wa urujuanimno.