Wanalala Kajiado, wanazalisha Nairobi

Kila ripoti ya pato la kaunti inapotoka, hesabu huwa ileile. Watu huchukua pato la Nairobi, hugawa kwa idadi ya wakazi wake, kisha hutangaza kwamba mtu wa Nairobi anazalisha karibu mara tatu ya Mkenya wa kawaida. Kazi yangu ni takwimu za watu na makazi, na hesabu hiyo hunikera, kwa sababu inagawanya kazi ya watu fulani kwa idadi ya watu wengine.

Sensa ya 2019 ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Pato la kaunti, kwa upande wake, huhesabiwa pale kazi inapofanyika. Karani anayeishi Kitengela na kufanya kazi Industrial Area ni mtu wa Kajiado kwenye sensa, lakini jasho lake linaandikwa Nairobi. Ndiyo maana kaunti yenye watu 4,397,073, asilimia 9 hivi ya Wakenya, inaonekana ikitoa zaidi ya robo ya pato la taifa. Ni kweli benki, viwanda na makao makuu ya kampuni yako humo. Lakini sehemu ya pengo hilo ni watu wanaoshuka kwenye vituo vya Muthurwa na Railways katikati ya Nairobi asubuhi na kupanda matatu tena jioni.

Jumlisha Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Unapata watu 9,354,580, karibu Mkenya mmoja kati ya kila watano. Hilo ndilo jiji lenyewe kiuchumi, mipaka ya kaunti iseme itakavyo. Kati ya 2009 na 2019 Nairobi iliongezeka kwa asilimia 40, Kiambu 49, na Kajiado, iliyotoka 687,312 hadi 1,117,840, asilimia 63. Ruiru, mji wa Kiambu, ilifikisha watu 490,120 na kuzipita Eldoret na Kisumu, lakini bado tunaizungumzia kama kituo cha njiani kwenda Thika. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika 2012, ploti za futi hamsini kwa mia zilizokuwa mashamba ya kahawa zikageuka fleti.

Nenda Kitengela saa moja jioni uone pesa zinavyovuka mpaka. Abiria anashuka stejini, na hatua chache mbele mama mboga anakata sukuma wiki akiitia kwenye mfuko, pembeni kuna nyanya za mafungu. Mshahara umelipwa Nairobi; mauzo haya yanakuwa uchumi wa Kajiado, pamoja na kodi ya nyumba, nauli ya boda na karo ya shule ya jirani.

Je, nani anamnyonya mwenzake? Sioni jibu rahisi. Mgao wa serikali kuu hutazama idadi ya watu waliohesabiwa, kwa hiyo Kajiado inalipwa kwa wanaolala kwake. Nairobi inabaki na ada za maegesho na leseni za biashara, lakini pia inabeba barabara zilizojaa na taka za mchana. Anayeumia zaidi ni mpangaji wa Rongai, mji mwingine wa Kajiado. Nyumba yake inategemea maji ya kisima kirefu na lori la kunyonya maji taka, huku Nairobi ikipata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, kaunti nyingine kabisa.

Kwenye uchukuzi angalau tulianza kufikiri kwa upana: NAMATA, mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji la Nairobi iliyoundwa 2017, inahusu kaunti tano, Murang'a ikiwemo. Maji, maji taka na makazi yanahitaji mpango wa aina hiyo, wenye bajeti ya pamoja. Na kabla ya sensa ya 2029, ningependa kila kaunti ichapishe hesabu mbili bega kwa bega: wanaolala kwake, na wanaoshinda kwake.